Kabla Kompyuta ya Chuo Haijaitwa Taka: Jinsi ya Kuomba Iondolewe

Kabla hujaandika barua ya kuomba kompyuta za maabara ziondolewe, zifungue kwanza. Ile ambayo saa yake hurudi nyuma miaka kila inapowashwa, kisha tovuti zote zikatoa onyo la usalama, mara nyingi inadai betri ya CR2032 tu, kile kidude kama sarafu kilichobanwa kwenye ubao mama. Inayochukua dakika kumi kuwaka huenda inalilia diski ya kasi ya SSD na RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) ya kuongeza. Na zile zisizokubali Windows 11, baada ya Microsoft kuacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, mara nyingi zitafanya kazi vizuri kwa Linux, mfumo mwingine wa kuendeshea kompyuta. Hizo zote usiziombee kuondolewa; zinazohitaji vipuri, ziombee vipuri.

Zilizobaki, kama uko chuo kikuu cha umma Kenya, hufuata Sheria ya Ununuzi na Uondoaji wa Mali ya Umma ya 2015.

Anza na orodha: namba ya lebo ya chuo, namba ya mtengenezaji, chumba ilipo, na kilichokufa. Ukiandika "mbovu" peke yake, tarajia maswali. Andika "ubao mama umeungua, kipuri hakipatikani", uambatishe ripoti ya fundi. Linganisha kila namba na rejista ya mali.

Barua ipitie kwa mkuu wa ununuzi. Yeye ndiye huifikisha kwa kamati ya uondoaji mali. Kamati hupendekeza njia: kuhamishia taasisi nyingine ya umma, zabuni, mnada, kubadilishana na mpya kwa kuongeza pesa, au kushughulikiwa kama taka. Naibu Chansela, msimamizi mkuu wa chuo, ana siku 14 za kukubali au kukataa kwa maandishi.

Mnada unavutia kwa kuwa unaleta hela, lakini mashine iliyokufa ikinunuliwa kwa kilo, nyaya zake huishia kuchomwa ili ipatikane shaba. Katika barua, omba zilizokufa zikabidhiwe kampuni yenye leseni ya NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira. (Na usijipendekezee moja ya kupeleka nyumbani: kifungu cha 166 kinazuia mali kupewa wafanyakazi, ila pale sheria inaporuhusu waziwazi.)

Diski zitolewe kabla ya gari la kuzichukua kompyuta kufika. Faili uliyoifuta bado yaweza kufufuliwa, zikiwemo alama za wanafunzi na nakala za vitambulisho, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 itakiuliza chuo chako.

Gari likiondoka, baki na hati ya makabidhiano yenye namba zilezile za orodha yako, uipeleke kwa mwenye rejista azifute.