Kabla ya kupanda boti na mgonjwa anayeanguka au kufa ganzi

Familia nyingi za Pemba, mgonjwa akiandikiwa kwenda Unguja, huanza na nauli ya boti na pesa za vipimo. Ni lazima, lakini kinachomsaidia daktari zaidi ni mtu aliyemuona mgonjwa akianguka. Mgonjwa mwenyewe aghalabu hakumbuki kitu. Kama aliyekuwa naye ni binamu yake shambani kwenye karafuu, basi huyo binamu ndiye afuatane naye, au awe karibu na simu siku ya kuonana na daktari.

Mkalishe sasa hivi, kabla hajasahau, muandike kwenye daftari. Kulianza vipi? Mkono mmoja ulitikisika kwanza, au mwili mzima kwa pamoja? Macho na kichwa viligeukia upande gani? Alijiuma ulimi, alijikojolea? Alikaa muda gani ndipo akazitambua sura za watu? Muda wa kutikisika utazameni kwenye saa, maana kwa hofu dakika mbili huonekana nusu saa. Ikitokea tena, mlazeni ubavu, mlegezeeni nguo shingoni, msimtie kijiko wala maji mdomoni. Akishatulizwa hivyo, mmoja arekodi video kwa simu.

Ganzi nayo ina maswali yake. Inayopanda polepole kutoka nyayo zote mbili humfanya daktari afikirie sukari, upungufu wa vitamini B12, au baadhi ya dawa za kifua kikuu. Ya upande mmoja iliyokuja ghafla, mdomo ukipinda, huenda ni kiharusi. Midomo ikifa ganzi baada ya kula samaki, hasa bunju, ni sumu. Hizo mbili hazingoji boti. Vivyo hivyo degedege linalopita dakika 5, linalorudi kabla mtu hajazindukana, au linalomshika mjamzito: kimbilieni hospitali iliyo karibu, iwe Wete, Chake Chake au Mkoani.

Dawa zote zitieni kwenye mfuko mmoja, na pakiti zake. Kombe, yaani maandishi ya Kurani yanayooshwa kwa maji yakanywewa, na miti shamba pia vitajwe. Dua iendelee, hakuna ubaya, ila daktari ajue kilichonywewa. Dawa za kifafa msizikatishe ghafla, na Ramadhani ikikaribia ulizeni mapema namna ya kuzipanga baina ya futari na daku.

Kwa kipimo cha umeme wa ubongo, nywele zioshwe, zifumuliwe, zisitiwe mafuta. Kwa MRI, kipimo cha picha kinachotumia sumaku kubwa, semeni kama ana chuma chochote mwilini, na bangili ziachwe nyumbani.

Majibu yakitoka mazuri, tafadhali msimwambie anajifanya. Mtu mwenye kifafa anaweza kupimwa umeme wa ubongo na usionekane ubaya wowote siku ile. Chukueni tarehe ya kurudi, daftari liendelee kuandikwa, na mpaka hapo asiende baharini wala kisimani peke yake.