Ukikutana na "publicity", andika nini?

Mtafsiri wa Nairobi akiletewa karatasi yenye neno "publicity", mkono humtangulia: anaandika "utangazaji". Hapo ndipo mambo huharibika. Kwa msomaji wa Kenya, utangazaji ni kazi ya redio na televisheni. KBC yenyewe ni Shirika la Utangazaji la Kenya. "Kamati ya utangazaji" ya harusi itasikika kama kundi la watu walioshika maikrofoni.

Kwanza jua neno hilo la Kiingereza lilikotoka. Waingereza walilipata kwa Wafaransa, publicité, na mzizi wake ni Kilatini publicus, yaani "la watu wote". Umbo la kale ni poplicus, jamaa ya populus, "watu". Mwanzoni halikuhusu kuuza chochote. Lilikuwa hali ya jambo kuwekwa wazi mbele ya watu, na habari za kunadi bidhaa zilifuata baadaye. Maana ile ya kwanza ingali hai: wanaotaka kufunga ndoa ya kiraia Sheria House, notisi yao hukaa wazi siku 21 ili mwenye pingamizi ajitokeze. Hakuna anayepigiwa debe pale. Hapo andika "uwazi", au ugeuze sentensi utumie "hadharani": kesi ilisikilizwa hadharani.

Kama si uwazi, uliza nani amelipa. Mwenye bidhaa akinunua nafasi gazetini au bango la Thika Road, hilo ni tangazo la biashara, basi. Asipolipa, na waandishi wakaandika kwa hiari yao, usihangaike kutafuta nomino. "Tamasha lilipata utangazaji mkubwa" ni Kiingereza kilichovalishwa kanzu. Sema "tamasha lilivuma", au "liliandikwa sana magazetini". Kitenzi -vuma ni cha ngoma na upepo, ndiyo maana kinabeba mengi kwa silabi chache.

Kazi yenyewe ya kueneza habari ni "uenezi", kutoka -enea na -eneza. Neno zuri, ila lina harufu ya siasa kwa sababu ya makatibu waenezi wa vyama. Kwa kanisa au duka la Gikomba, "kamati ya matangazo" inatosha. Tena -tangaza ndilo linalokaribia zaidi asili: -tangaa ni kujulikana kote, -tangaza ni kufanya kijulikane. Kosa si la kitenzi. Ni nomino moja tu iliyotwaliwa na redio.

Msanii anayezusha ugomvi wiki ya kutoa wimbo "anatafuta kiki". Kwenye habari za burudani liache hivyo hivyo, bila alama za kunukuu. Kwenye barua ya ofisi andika "anatafuta umaarufu".

Ukimaliza, rudi ufute nomino uliyoweka, ujaribu kitenzi mahali pake. Sentensi ikisimama bila hiyo nomino, usiirudishe.