Vyuma chakavu kwa mtengeneza redio: nunua umbo kwanza

Anayejitengenezea redio na antena hahitaji chuma kingi. Anahitaji vipande vichache vyenye umbo linalokaribiana na lile lililomo kichwani mwake. Bei ya kilo hudanganya. Bonge la alumini la bei ya kutupa litakumalizia jioni zako kwa msumeno na tupa, ilhali boksi la kifaa kilichokufa lina pande zake sita, matundu ya hewa na skrubu zake tayari. Ndiyo maana mimi hutafuta umbo kwanza, aina ya chuma baadaye.

Hatua ya 1: Chora kabla hujatoka

Andika vipimo kwa milimita, na kando ya kila kipande andika kazi yake: kubeba, kukinga (kuzuia mawimbi yasiyotakiwa), au kupitisha mawimbi. Urefu wa antena ya dipole, yaani waya ulionyooshwa na kugawanywa katikati, kwa mfano, hupatikana kwa mita kwa kugawanya 143 kwa masafa (kasi ya mtetemo wa mawimbi) yaliyoandikwa kwa megahezi: kwa 7.1 utapata kama mita 20. Asiye na orodha hurudi nyumbani na gunia la vitu vizuri visivyo na kazi.

Hatua ya 2: Amua ni wapi chuma duni kinafaa

Hapa ndipo pesa inapookolewa. Umeme wa masafa ya juu haupiti katikati ya chuma, hupita juu ya ngozi yake. Kwenye shaba nyekundu, kwa megahezi 14, sehemu kubwa ya mkondo hukaa ndani ya milimita 0.018 za juu. Kwa hiyo bomba tupu hufanya kazi sawa na fimbo nzito ya unene uleule, na uzito wa ziada unaoulipia ni wa uimara tu, hauongezi mawimbi.

Chuma cha kawaida, kile kinachoshikwa na sumaku, hupoteza nguvu nyingi zaidi kwenye ngozi hiyo. Lakini hasara hiyo inategemea unajenga nini. Dipole ina ukinzani wa mnururisho (kipimo, kwa omu, cha umeme unaogeuka kuwa mawimbi) wa omu 73 hivi, kwa hiyo sehemu ya omu ikipotea hutaisikia. Ndiyo maana watu hutengeneza antena nzuri za megahezi 145 kwa utepe wa futi ya kupimia ya chuma iliyovunjika. Antena ya kitanzi, yaani bomba lililopindwa kuwa duara, ni habari nyingine. Kitanzi cha kipenyo cha mita 1, kwa megahezi 14, kina ukinzani wa mnururisho usiofika omu 0.1. Kiungo kimoja kibovu kinaweza kula zaidi ya hapo. Kwa kitanzi tafuta bomba la shaba nyekundu lisilokatwakatwa, na usibishane na bei.

Boksi la kukinga, mlingoti na vishikio vinaweza kuwa vya chuma chochote kilicho imara.

Hatua ya 3: Pita kwa mafundi kabla ya kwenda ghala la skrepa

Ghalani chuma kimeshapondwa na kukunjwa. Kwa fundi bado kimenyooka. Fundi wa viyoyozi hubaki na vipande vya bomba laini la shaba, kitu bora kabisa kwa kitanzi. Fundi wa madirisha ya alumini hutupa ncha za fremu za mraba zinazofaa kuwa uti wa antena ya Yagi, ile yenye vijiti vilivyopangwa kwenye mhimili mmoja. Viwanda vya uchapaji huuza bamba za ofseti zilizokwisha kutumika: alumini nyembamba inayokatwa kwa mkasi, nzuri kwa kuta za ndani za boksi. Antena za televisheni zilizoshushwa paani zina vijiti na vishikio ambavyo havihitaji hata kutobolewa. Kompyuta iliyokufa hutoa boksi la pawasapulai na vipoza joto vya alumini.

Kwa fundi, usiulize kama ana chuma. Mwoneshe mchoro. Ukimwonesha unachojenga atakumbuka kipande kilichosahaulika nyuma ya mlango.

Hatua ya 4: Ghalani, pima mwenyewe

Beba futi, sumaku, kisu, tupa na glavu, na omba ruhusa kabla ya kugusa rundo. Kinachonaswa na sumaku ni chuma cha kawaida, hata kama kimepakwa rangi ya shaba. Waya wa rangi ya shaba ukwangue: ndani ukiwa mweupe, ni alumini iliyovikwa koti. Vitasa na mabomba ya maji yapige tupa. Rangi ya manjano ikiendelea hadi ndani ni brasi, ikigeuka kijivu yaelekea ni zinki. Kama bado una shaka, pima uzito na ujazo kwa kukizamisha majini: sentimita moja ya ujazo ya alumini ni gramu 2.7, ya brasi kama 8.5, ya shaba nyekundu karibu 9.

Kila aina ipimwe mizani peke yake. Ukichanganya, skrubu za chuma zitauzwa kwa bei ya shaba. Nyaya nene zilizochomwa ganda, au zilizokatwa kwa shoka, ziache: huenda ni za wizi.

Hatua ya 5: Vya kutogusa

Kapasita ya maikrowevu huweza kubaki na chaji inayoua baada ya jiko kuchomolewa. Kauri ya magnetroni yake, sehemu inayozalisha mawimbi, usiivunje, kwani baadhi zina oksidi ya beriliamu, na vumbi lake huharibu mapafu. Bomba la friji lenye gesi usilikate. Transfoma kuukuu yenye mafuta iache ilipo. Na chombo kizito cha risasi chenye alama ya mionzi usikifungue kamwe: mwaka 1987 huko Goiânia, Brazili, mashine ya tiba iliyotoka kliniki iliyohamwa iliuzwa kama skrepa, na watu wanne walikufa.

Hatua ya 6: Safisha, unganisha

Alumini iliyopakwa rangi kiwandani, hasa ya madirisha, ina tabaka lisilopitisha umeme. Kwangua mpaka ing'ae kila mahali unapotaka muunganiko. Haishiki lehemu ya kawaida, kwa hiyo tumia bolti au riveti. Bati la makopo ya biskuti hushika lehemu vizuri ukiondoa rangi, na kwa boksi dogo ndilo ninalolipenda kuliko yote. Nje, usigusanishe shaba na alumini moja kwa moja, maana mvua itaila alumini. Weka washa ya chuma kisichoshika kutu katikati.

Mabaki yatenganishe kabla ya kuyarudisha mizani: shaba safi isiyo na lehemu hununuliwa kwa bei nzuri kuliko iliyochafuliwa.