Jinsi Jiji la Marekani Linavyodai Kurejeshewa Gharama za Matibabu ya Dharura ya Watu Waliohamishwa na Maafa

Jiji linalopokea maelfu ya watu waliokimbia maafa hutibu kwanza na kuhesabu baadaye, na ndivyo utu unavyotaka. Houston ilifanya hivyo mwaka 2005, pale watu waliohamishwa kutoka New Orleans baada ya Kimbunga Katrina walipofikishwa katika uwanja wa Astrodome, na kliniki ikalazimika kuanzishwa papo hapo. Hata hivyo, serikali kuu hurejesha gharama kwa kutazama kumbukumbu, na kumbukumbu ambayo haikuandikwa siku mgonjwa alipohudumiwa ni vigumu mno kuitengeneza miezi kadhaa baadaye. Maelezo haya yanamhusu afisa wa jiji au wa idara ya afya aliyekabidhiwa kazi ya kuandaa madai hayo.

Anza kwa kujua fedha zitapitia wapi. Chini ya Sheria ya Stafford ya mwaka 1988, inayosimamia misaada ya serikali kuu wakati wa maafa, FEMA, yaani wakala wa serikali kuu unaoshughulikia dharura, hulipia matibabu haya kupitia Mpango wa Msaada kwa Umma, katika Kundi B, ambalo ni la hatua za dharura za kulinda maisha na mali. Ruzuku hupokelewa na jimbo, nalo jiji hulipwa kupitia jimbo hilo. Ikiwa maafa yametokea katika jimbo jingine, jimbo lililoathirika linaweza kulilipa jimbo mwenyeji, yaani lililowapokea waliohamishwa, kwa mujibu wa mkataba wa kusaidiana na kisha kudai kwa FEMA, au jimbo mwenyeji likaingia makubaliano na FEMA na kulipwa moja kwa moja. Sehemu ya serikali kuu haipungui asilimia 75 ya gharama zinazokubalika. Uliza mapema ofisi ya dharura ya jimbo lako ni njia ipi imechaguliwa, kwa kuwa ankara zilizotumwa kusikohusika hurudi wakati muda wa kuomba umekwisha kuyoyoma.

Baada ya hapo, tenganisha gharama zinazolipwa na zisizolipwa, nayo ndiyo sehemu inayoleta mabishano mengi kuliko zote. Zinazokubalika ni pamoja na kuwapanga wagonjwa kwa uzito wa hali zao, vipimo vya lazima, huduma ya kwanza, matibabu ya kuimarisha hali ya mgonjwa isizidi kuwa mbaya, chanjo za kuzuia mlipuko wa magonjwa, mahema au majengo ya muda ya kutibia pamoja na ulinzi wake, na dawa za mara moja zisizozidi matumizi ya siku 30, zikiwemo zile za kufidia dawa ambazo mtu aliziacha nyumbani alipokuwa akikimbia. Mgonjwa akishalazwa hospitalini, gharama za kulazwa kwake hazilipwi na mpango huu. Hazilipwi pia gharama za matibabu ya kuendelea yanayopita siku 30 tangu maafa yatangazwe, gharama za kiutawala za kuwahudumia wagonjwa, wala mapato ambayo hospitali ya jiji ilikosa kwa kuahirisha shughuli zake za kawaida. Kwa sababu hiyo, fomu ya mapokezi ionyeshe saa mgonjwa alipofika, alikotoka, alichotibiwa, na saa alipolazwa au kuruhusiwa.

Fomu hiyohiyo imwulize mgonjwa kuhusu bima. Sheria hairuhusu gharama moja ilipwe mara mbili, hivyo jiji linatakiwa kuchukua hatua za kuridhisha kudai kwanza kwa bima binafsi, Medicare (bima ya serikali hasa kwa wazee) au Medicaid (bima ya serikali kwa wenye kipato cha chini), na kuombea FEMA kiasi kilichobaki tu. Wengi huliona jambo hili kuwa la kikatili, kumwuliza mtu aliyepoteza nyumba habari za kadi yake ya bima. Lakini swali hilo likiulizwa kwa upole baada ya huduma halimwumizi mtu, ilhali lisipoulizwa huliachia jiji deni.

Kwa upande wa wafanyakazi, kanuni ya kawaida ya kazi za dharura ni kwamba saa za ziada za wafanyakazi wa kudumu hulipwa, ila saa zao za kawaida hazilipwi. Jimbo mwenyeji lenye makubaliano na FEMA hupewa nafuu na huweza kudai hata saa hizo za kawaida. Karatasi za mahudhurio zitaje kazi iliyofanywa, si idadi ya saa peke yake. Manunuzi ya haraka bila zabuni huruhusiwa wakati wa dharura yenyewe, mradi sababu yake iandikwe na zabuni zirejee mara hali inapotulia.

Ombi la kushiriki katika mpango huwasilishwa ndani ya siku 30 tangu eneo litajwe kwenye tangazo la maafa. FEMA ikikataa sehemu ya madai, jiji lina siku 60 za kukata rufaa kupitia jimbo, na rufaa yenye nguvu hutaja gharama, kanuni na waraka unaoithibitisha. Nyaraka zote zihifadhiwe kwa angalau miaka mitatu baada ya ripoti ya mwisho ya matumizi kuwasilishwa, maana wakaguzi wa serikali kuu wanaweza kupendekeza fedha zirudishwe hata baada ya jiji kulipwa.