Somo: Umechomwa sindano ya nyonga, sasa vidonge unavipangaje?

Wengi wanaochomwa sindano ya maumivu ndani ya kiungo cha nyonga huja famasia kesho yake na lalamiko lile lile: "Jana nilitembea vizuri, leo maumivu yamerudi, sindano imegoma." Haijagoma. Mara nyingi unachomwa dawa mbili kwa pamoja. Moja ni ganzi, nayo huisha baada ya saa chache. Nyingine ni steroidi, ya kutuliza uvimbe ndani ya kiungo, na hiyo huchukua siku kadhaa, kwa wengine hadi wiki mbili, ndipo uione kazi yake. Katika siku hizo za kungoja ndipo watu wanajijaza vidonge hovyo.

Hatua ya 1: Siku mbili za mwanzo
Rudi nyumbani na mtu, kwa bajaji au gari. Bodaboda acha, maana mguu unaweza kulegea kwa ganzi. Tembea chooni na uani, inatosha. Jembe, ndoo ya maji na shamba la viazi la mteremkoni vingoje. Maumivu yanaweza kupanda zaidi ya awali kwa siku moja hadi tatu, halafu yakashuka. Funga barafu kwenye kitambaa, weka dakika 15, toa. (Najua kumwambia mtu wa Makete aweke barafu kwenye baridi ya kwao ya Julai ni kutafuta ugomvi. Asiyeiweza aache, apumzike tu.)

Hatua ya 2: Anza na paracetamol
Kwa mtu mzima ni vidonge viwili vya miligramu 500, kila baada ya saa sita. Visizidi 8 kwa saa 24. Mzee aliyekonda, chini ya kilo 50, au mwenye shida ya ini, apangiwe dozi ndogo zaidi.

Hatua ya 3: Geuza boksi usome
Hapa ndipo watu wanapoumia. Chukua diklopa, ambayo karibu kila nyumba inayo. Kwenye maandishi madogo utakuta diclofenac miligramu 50 na paracetamol miligramu 500 ndani ya kidonge kimoja. Kwa hiyo anayemeza diklopa na Panadol anakula paracetamol mara mbili bila kujua. Akiongeza ibuprofen, ni kama amemeza diclofenac mara mbili, kwa sababu hizo mbili ni za kundi moja: zinachubua tumbo, zinabana figo, zinapandisha presha. Chagua moja tu, baada ya chakula, kwa siku chache. Mwenye vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo au moyo, au anayetumia warfarin (dawa ya kuzuia damu kuganda), asiziguse bila daktari. Vivyo hivyo anayemeza losartan ya presha pamoja na dawa ya kukojoza. Ila aspirini ndogo uliyopewa kwa ajili ya moyo usiiache kwa uamuzi wako.

Hatua ya 4: Fimbo
Ishike mkono wa upande mzima, si wa nyonga inayouma. Urefu: simama wima umevaa viatu, mikono ining'inie, kishikio kifike kwenye kifundo cha mkono. Kwenye ngazi, unapopanda tanguliza mguu mzima, unaposhuka tanguliza mguu unaouma.

Hatua ya 5: Usingoje asubuhi
Homa, kutetemeka, ngozi ya sindano kuwa nyekundu na ya moto, au maumivu yanayozidi kila siku hadi mguu haukanyagi: nenda hospitali siku hiyo hiyo, huenda vijidudu vimeingia kwenye kiungo. Choo cheusi kama lami nacho ni safari ya hospitali, huenda tumbo linatoa damu.

MASWALI YA WANACHAMA

Shikamoo daktari. Mama yangu ana kisukari, tangu achomwe sukari imepanda. Tumwongezee insulini? (Mafinga)
Marahaba, ila mimi ni mfamasia. Steroidi hupandisha sukari kwa siku kadhaa hata ikichomwa kwenye kiungo. Mpimeni mara nyingi kuliko kawaida, muandike, mpige simu kliniki yake. Dozi msibadilishe wenyewe. Akianza kutapika, kukojoa sana au kuchanganyikiwa, mpelekeni hospitali.

Kuna unga wa mifupa wanauza mnadani, mzee anasema unamtuliza kwa saa moja. Aendelee nao? (Tukuyu)
Hapana. Unga usio na lebo unaotuliza haraka hivyo unanitia shaka. Dawa za namna hiyo zimewahi kukutwa na steroidi au diclofenac iliyosagwa ndani. Kama ameutumia kwa wiki nyingi, auache kwa usimamizi wa daktari na aende na unga wenyewe, kwa sababu kukata steroidi ghafla kuna hatari yake.

Msimu wa ulanzi umefika. Baba anaruhusiwa? (Iringa vijijini)
Akiwa kwenye paracetamol kila siku, ini lake lina kazi tayari. Akiwa kwenye diclofenac, tumbo linaweza kutoa damu. Tena mlevi mwenye fimbo huanguka. Vidonge viishe kwanza.

Kaka, nyonga ni ya kulia lakini goti ndilo linaloniuma. Walikosea? (Uyole)
Si lazima. Maumivu ya nyonga husikika zaidi kinenani, na mara nyingi hushuka hadi gotini. Mwambie aliyekuchoma, akupime vyote viwili.

Sindano inarudiwa baada ya muda gani? Nimeambiwa huenda nitabadilishiwa nyonga. (Njombe)
Kwa kawaida isiwe chini ya miezi mitatu, na wengi hawarudii hovyo kwa sababu ikizidi inaweza kudhoofisha gegedu, ile tishu laini inayofunika ncha za mifupa kwenye kiungo. Kwenye upasuaji wa kubadilisha nyonga nako hutakiwa kupita angalau miezi mitatu tangu sindano, kuepuka maambukizi. Andika tarehe ya sindano kwenye daftari lako la kliniki, umwonyeshe daktari wa mifupa kabla hajakupangia siku.