Jinsi ya kupunguza taka za nyumba ya kupanga, kuanzia jikoni

Naishi Tabata, Dar es Salaam, kwenye nyumba ya kupanga yenye familia tano na uwa mmoja. Zamani kila familia ilikuwa na viroba vyake mlangoni, na gari la taka likichelewa siku nne, nzi na harufu vinatufukuza barazani. Siku hizi nyumba nzima inatoa kiroba kimoja na nusu kwa wiki. Hatujanunua mashine yoyote. Tumezuia tu kitu chenye maji kisikutane na kitu kikavu.

Hatua ya 1: Zione taka zako

Siku moja kabla ya gari kupita, vaa glavu, tandika turubai uani, mwaga kila kitu na utenge mafungu. Kwetu fungu la jikoni lilishinda mengine yote kwa uzito: maganda ya viazi na ndizi, machicha ya nazi, mabua ya mchicha, maganda ya machungwa. Waite wapangaji wenzako walione. Nilikuwa nimezungumza kwenye vikao viwili bila mafanikio, lakini fungu lile liliwanyamazisha wote.

Hatua ya 2: Ndoo na kiroba kila jiko

Ndoo ndogo yenye mfuniko ni ya vitu vinavyooza. Kiroba kitupu cha unga ni cha vitu vikavu. Mfundishe kwanza anayepika, ambaye kwenye nyumba nyingi ni dada wa kazi. Kaa naye asubuhi mbili tatu anapomenya, umsikilize pia, maana yeye ndiye anayejua ndoo ikae wapi isimkwaze.

Hatua ya 3: Mboji

Mboji ni mbolea inayotokana na taka za jikoni zilizooza. Hapa ndipo watu wengi hukata tamaa, kwa hiyo nenda nayo taratibu.

Chukua ndoo tatu za rangi za lita 20, uzioshe vizuri. Toboa matundu kwa msumari wa moto, kumi chini na mengine kuzunguka ubavuni. Ziweke juu ya matofali ili hewa ipite chini, mahali penye kivuli. Kwenye sakafu ya ndoo tandaza makumbi ya nazi unene wa vidole vinne.

Kila jioni mwaga taka za jikoni zilizokatwakatwa, kisha funika kwa majani makavu mara mbili ya ujazo wake. Sisi tunatumia majani ya mwembe yanayofagiwa kila asubuhi na watu huyachoma bure. Ukikosa majani, muombe fundi seremala maranda ya mbao isiyopakwa dawa. Rudishia mfuniko bila kuubana.

Geuza kwa kijiti kila baada ya siku tatu. Kamata konzi moja uikamue: yakitoka matone mawili, iko sawa. Maji yakichuruzika, ongeza majani makavu. Ikipukutika kama vumbi, nyunyiza maji uliyooshea mchele. Ikinuka vibaya, ujue ina maji mengi au hewa haipiti, kwa hiyo geuza na uongeze vikavu siku hiyo hiyo.

Usitie mifupa, utumbo wa samaki, wala mafuta, maana panya watahamia kwako. Machicha ya nazi tia kidogo kidogo, ukiyachanganya. Majivu ya mkaa yasizidi konzi moja kwa wiki. Ukiona funza wanene, usimwage dawa: wanasaidia kula taka, na jirani mwenye kuku atakushukuru.

Ndoo ya kwanza ikijaa, iache ipumzike huku ukiigeuza, uanze ya pili. Kwa joto la Dar, mboji huwa tayari baada ya miezi miwili hadi mitatu. Utaijua kwa rangi nyeusi na harufu ya udongo ulionyeshewa.

Hatua ya 4: Vikavu viende kwa wanunuzi

Chupa za maji, ndoo zilizovunjika, makopo, maboksi na chuma chakavu vina wanunuzi wanaopita mtaani na mizani. Suuza chupa kwa maji ya kufulia yaliyobaki, zikamue zisichukue nafasi. Chupa safi haibishaniwi bei. Anayepita kuokota naye ana kazi kama wewe: mpe kiroba mkononi, asilazimike kuchambua kwenye uchafu.

Hatua ya 5: Vya kutenga kabisa

Viwembe na vipande vya glasi vifunge ndani ya kopo gumu lenye mfuniko. Sindano rudisha zahanati. Betri weka kwenye chupa kavu, mbali na watoto. Pempasi kunja, funga kwa gazeti, weka kwenye kiroba cha mwisho.

Hatua ya 6: Kinachobaki

Kiroba hicho kinaishia dampo la Pugu Kinyamwezi. Zamani dampo lilikuwa hapa hapa Tabata, mpaka wakazi waliochoshwa na moshi na harufu walipokwenda Mahakama Kuu mwaka 1988 na kushinda. Baadaye taka zikaenda Vingunguti. Nawaheshimu sana wazee wale, lakini taka zetu hazikutoweka, zilihamia kwenye pua za wengine. Ndiyo maana napigania kiroba kiwe chepesi.

Usichome plastiki uani, hata kipande. Moshi wake ni sumu, na watoto wanaocheza pale ndio wanaouvuta. Wakati wa masika usikubali mtu amwage taka kwenye mfereji: maji yanazibeba hadi mto Msimbazi, mto unafurika, na watu wa bondeni wanalala juu ya meza. Vifuu na makopo vigeuze kifudifudi, visituamishe maji ya mvua. Dar ilipigwa na homa ya dengue mwaka 2014 na tena 2019, na mbu wake huzaliana kwenye maji machache kama hayo.

Kutumia mboji

Chekecha. Changanya sehemu moja ya mboji na mbili za udongo, jaza kwenye gunia, panda mchicha au matembele. Vipande vigumu vilivyobaki kwenye chekeche virudishe kwenye ndoo tupu kabla ya taka mpya. Vina wadudu wadogo walio hai, na ndoo inayofuata itaiva upesi zaidi.