Kabla ya Kuchagua Uhandisi wa Ndege na Anga za Juu: Mambo ya Kuzingatia

Mwanafunzi anaposema kwamba anataka "kusomea ndege", swali la kwanza la kumuuliza ni kama anataka kuirusha, kuitunza au kuibuni. Kazi hizi tatu hukutana kwenye ndege moja, lakini kila moja ina mlango wake, na aliyeingia kwa mlango mmoja hawezi kudai haki za mwingine. Rubani huandaliwa kwa saa za kuruka na mitihani inayoambatana nazo. Mhandisi wa matengenezo mwenye leseni ndiye anayetia saini kuthibitisha kwamba ndege iliyotoka mikononi mwa mafundi inafaa kurejea angani. Mhandisi msanifu hupitia chuo kikuu, na siku zake nyingi huishia kwenye mahesabu, michoro ya kompyuta na ripoti za majaribio, pengine miaka kadhaa akishughulikia kipande kimoja tu cha bawa. Wengi hushangaa kusikia kwamba shahada yake, hata iwe ya daraja la kwanza, haimpi ruhusa ya kutia saini ile ya karakana. Leseni hutafutwa peke yake, kwa mitihani yake na kwa miaka ya kazi ya mikono chini ya uangalizi. Kwa hiyo, kabla ya kulinganisha vyuo, ni heri kulinganisha siku za kazi zenyewe.

Nianze na karakana, kwa kuwa ndiyo isiyofikiriwa sana na vijana. Mwezi Juni 1990, ndege aina ya BAC One-Eleven iliyokuwa ikitoka Birmingham kwenda Málaga ilipoteza kioo kimoja cha mbele ikiwa kwenye kimo cha futi zipatazo 17,000, na rubani mkuu akavutwa nje hadi kiunoni huku wahudumu wakimng'ang'ania miguu, mpaka rubani msaidizi alipoitua Southampton. Wote walinusurika. Kioo hicho kilikuwa kimebadilishwa saa 27 kabla ya safari, na uchunguzi ulionyesha kwamba bolti 84 kati ya 90 zilikuwa nyembamba kwa takriban milimita 0.66, tofauti ambayo haifikii unene wa kadi ya benki. Aliyezifunga alizichagua kwa kulinganisha kwa macho. Hakuwa mvivu wala mgeni wa kazi. Alikuwa mzoefu aliyeamini jicho lake usiku wenye shughuli nyingi. Anayechoshwa na kusoma maelekezo mara ya pili, au anayeona haya kuuliza kitu anachodhaniwa kukijua, ajipime kwa uaminifu hapa kabla ya kwenda mbele.

Upande wa usanifu, kipimo ni hisabati na fizikia, ila si alama zake tu. Mwanafunzi anaweza kukariri kwamba kasi ya ndege ikiongezeka mara mbili, mambo mengine yakibaki vilevile, nguvu inayoiinua huwa mara nne, akafaulu mtihani bila kujiuliza hali hiyo ina maana gani kwa ndege inayopunguza mwendo ili itue. Mfano ninaoupenda ni wa ndege za abiria za Kiingereza zilizoitwa Comet, mbili kati yake zikiwa zilisambaratika angani mwaka 1954. Wachunguzi waliichukua bodi ya ndege nyingine ya aina hiyo, wakaitumbukiza kwenye tangi la maji, kisha wakaijaza na kuipunguzia shinikizo tena na tena, kana kwamba inapaa na kutua, hadi metali ilipochoka na kupasuka. Walitumia maji kwa sababu hayabanwi kama hewa, hivyo ufa ukitokea bodi hailipuki na ushahidi haupotei. Mwanafunzi aliyeuliza "kwa nini maji?" kabla ya kuelezwa ana dalili njema kuliko aliyeshangazwa na ajali pekee.

Anayeelekea urubani afanye uchunguzi wa afya wa daraja la kwanza, ule unaotakiwa kwa marubani wa kibiashara, kabla ya kulipa ada yoyote. Kasoro ya kutofautisha rangi, ambayo mtu anaweza kukua nayo bila kujua, ni afadhali igunduliwe hospitalini mapema kuliko baada ya mkopo kuchukuliwa. Kiingereza pia kinahesabika: marubani na waongoza ndege wa safari za kimataifa hupimwa rasmi lugha ya mawasiliano ya redio, na vitabu vya matengenezo kwa kawaida huandikwa kwa lugha hiyohiyo.

Kwa roketi na satelaiti kuna kizuizi ambacho matangazo ya vyuo hayakitaji, nacho ni uraia. Nchini Marekani, kanuni zinazojulikana kama ITAR hudhibiti teknolojia ya roketi, kiasi kwamba waajiri wengi wa sekta hiyo huchukua hasa raia na wakazi wa kudumu. Shirika la Anga za Juu la Ulaya nalo huajiri zaidi raia wa nchi wanachama. Isitoshe, ajira za usafiri wa anga huyumba: mwaka 2020 idadi ya abiria duniani ilishuka kwa takriban asilimia 60. Kwa sababu hizo mbili, naona ni busara zaidi kuanza na shahada ya uhandisi mitambo au umeme, ambayo inapokelewa pengi, na kubobea katika ndege kwenye shahada ya uzamili.

Mwisho, mwanafunzi aombe kibali cha kukaa karakana ya ndege zamu nzima, ikiwezekana ya usiku, kwa maana ndipo ndege nyingi huwa zimeegeshwa. Aangalie kinachotokea zamu inapokwisha na bisibisi moja ikakosekana mahali pake kwenye sanduku: ndege haiachiliwi, na mafundi waliokwisha kunawa mikono hurudi na tochi kuitafuta ndani ya injini.